Familia moja, boriti moja: tuikomboe nyumba ya mawe ya Jomvu Kuu

Asalaam aleikum ndugu zetu wa Jomvu Kuu, wa Mji wa Kale na popote mlipo.

Wengi wenu mlianza alifu kwenye baraza ya nyumba ile inayoelekea mtoni. Sasa chuo cha Kurani kimehama. Masika haya kipande cha dari kilianguka usiku, alhamdulillahi hakuna aliyekuwemo. Asubuhi nilipanda ngazi, nikatia kidole kwenye ncha ya boriti inapoingia ukutani. Kikazama chote, kikatoka na unga.

Boriti ya mkoko haiozi hivi hivi. Kosa tulilifanya wenyewe zamani, tulipopiga lipu ya saruji juu ya kuta za matumbawe tukidhani tunazitia nguvu. Tumbawe hunywa maji na kuyatoa. Chokaa huyapisha, saruji huyafungia ndani. Chumvi ikavimbisha lipu, unyevu ukaingia kwenye boriti.

Waliojenga walitumia vya hapa hapa: matumbawe, chokaa ya kuchoma, boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, na ndiyo sababu vyumba vile ni virefu na vyembamba. Zidaka, zile shubaka za ukutani, bado nzima, hata moja haijamomonyoka. Na dirisha la juu linatazama njia ya mashua zilizopanda na maji kujaa kuelekea Rabai, kabla reli haijaanza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Sisi Wajomvu, moja ya Tisa Taifa, yaani makabila tisa ya Waswahili wa Mombasa, tumebakiwa na nyumba chache mno za namna hii.

Kazi ni kubandua saruji yote, kubadilisha boriti 14 na kupiga chokaa upya. Fundi mzee anayeijua chokaa amekubali kufunza vijana wetu wawili. Boriti tutanunua kwa mwenye kibali; mikoko ya mto wetu hatuigusi, imeshakatwa vya kutosha.

Tunaomba kila familia ibebe boriti moja. Wasioweza peke yao wachange watatu au wanne. Asiye na pesa atoe siku ya kazi: tunaanza kubandua Jumamosi baada ya alfajiri, njoo na patasi na nyundo. Michango apewe mweka hazina msikitini baada ya sala ya Ijumaa, na usiondoke bila risiti.

Tutaanza na ukuta wa upande wa mto, ndio uliolowa zaidi, na vuli haiko mbali.