Michoro ya historia yahitaji lipu mbichi ya chokaa

Bwana Mhariri,

Michoro ya wachimba shaba inayochorwa kwenye kuta za Lubumbashi hubabuka upesi mno, na inatuuma. Rangi ya mafuta huziba ukuta. Mvua zikianza, unyevu hupanda kutoka chini na chumvi, ukaisukuma rangi nje.

Meksiko, baada ya mapinduzi, serikali iliwapa wachoraji kuta za umma ili hata asiyejua kusoma aione historia yake. Diego Rivera alianza kuchora ngazi za Ikulu ya Taifa mwaka 1929 kwa fresko: rangi ya unga na maji matupu juu ya lipu mbichi ya chokaa. Chokaa ikikauka hunyonya hewa ya ukaa, ikawa jiwe lililoishika rangi.

Lipu ya chini: chokaa 1, mchanga uliooshwa 3. Ya juu iwe nyembamba, na ipigwe sehemu ya kumalizika siku hiyohiyo tu; ikishakauka haishiki rangi tena. Chokaa ilowekwe miezi kadhaa, la sivyo punje zake hupasua lipu baadaye. Kwa rangi, udongo wetu mwekundu, ukichujwa vizuri, unahimili chokaa. Wafadhili walipie lipu kabla ya rangi.

Wachoraji wa kuta, Lubumbashi