Urefu wa droni huhesabiwa kutoka wapi?

Ndugu Mhariri,

Tangu Zanzibar ilipoanza kupigwa picha za ramani kwa droni mwaka 2016, wapima ardhi wengi tumezoea kuchora njia ya kuruka kwenye kompyuta, kisha kuiacha droni ijiendeshe yenyewe. Linalonitia hofu ni ule urefu tunaouandika, kwani katika programu nyingi huhesabiwa kutoka mahali droni iliporukia, si kutoka ardhi iliyo chini yake. Ukiirusha kutoka bondeni kwa mita 80, nayo ikapita juu ya kilima cha mita 60, imebakiwa na mita 20 tu, na mnazi mrefu unatosha kuiangusha.

Zipo programu zinazofuata miinuko ya ardhi, lakini baadhi hutegemea data iliyokusanywa na chombo cha anga za juu cha Endeavour Februari 2000, ambayo haiujui mnara wa simu uliosimikwa juzi. Kwa hiyo sioni njia ya mkato: mpimaji atembee eneo lote kwanza, apime kitu kirefu kuliko vyote, kisha apange pia urefu wa kurudi, kwa sababu mawasiliano yakikatika droni nyingi hunyoosha moja kwa moja hadi zilikoanzia, bila kujali kilichopo katikati. Nyaya zinazoshikilia minara (hizo hata vihisi huzikosa) ziachwe mbali na mistari ya safari, na rubani asiipoteze droni machoni.

Mpima ardhi,
Tanga