Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kadi ya Pingili

Ndugu wanachama,

Mahesabu atayasoma mhazini. Mimi nitazungumzia kadi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kazi yetu mwaka huu: kila aliyeumia uti wa mgongo aandikiwe pingili iliyoumia, kama jeraha ni kamili au si kamili, na presha yake ya kawaida.

"Alianguka kwenye mfenesi" au "ajali ya boda boda" hakumwelezi muuguzi lolote. (Na wapo ambao hawakuanguka wala kugongwa: kifua kikuu cha mgongo huuminya polepole ugwe, yaani kamba ya mishipa ya fahamu iliyo ndani ya uti wa mgongo, nacho kina dawa.) Pingili moja ni tofauti kubwa. Mwenye jeraha la C6, yaani pingili ya sita ya shingo, huinua kiganja lakini kiwiko hakinyooki. Mwenye C7, ya saba, hukinyoosha, hivyo huweza kujisukuma kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Jeraha huitwa kamili pale ambapo hata njia ya haja kubwa haina hisia wala nguvu ya kubana. Lakini kipimo cha siku za kwanza si hukumu, kwani ugwe huwa bado umezimia. Kirudiwe baada ya wiki kadhaa.

Wenye jeraha la T6 (pingili ya sita ya kifua) kwenda juu, sikilizeni. Wengi wenu namba ya juu ya presha yenu ya kawaida ni 90 hadi 110, kwa hiyo 140 kwenu ni hatari, ingawa kwa mwingine isingemshtua mtu. Presha ikipanda hivyo, kichwa kinagonga, uso unaiva, jasho linatoka juu ya jeraha. Kosa la kawaida ni kumlaza mgonjwa apumzike. Kulala kunaipandisha zaidi. Mketisheni wima, miguu ining'inie, mlegeze mkanda na viatu. Kisha angalieni mpira wa mkojo: mara nyingi umejikunja chini ya paja au umeziba. Asiye na mpira atolewe mkojo. Kibofu kikiwa sawa, tafuteni choo kigumu, kidonda, hata ukucha uliozama. Presha isiposhuka, hospitali mara moja, na kadi mkononi.

Wanaojitoa mkojo wenyewe wafanye hivyo kila saa 4 hadi 6. Mkojo wa mara moja ukizidi mililita 500, punguza muda. Kitini, inama mbele au jiinue kila dakika 15 hadi 30, na sufuria iliyotoka kwenye sigiri isikae mapajani: utaona lengelenge kabla hujajua umeungua.

Kadi nyingi zimerudi bila presha ya kawaida. Ipimwe ukiwa umeketi, siku tatu tofauti, ndipo umpelekee katibu.