Ndugu wa tumbo moja, mmoja Mkenya, mmoja mgeni

Mhariri,

Mimi ni Mkenya, nina wana wawili, baba yao Mtanzania. Wa kwanza nilimzaa Tanga mwaka wa 1996, uchungu uliponikuta ukweni. Wa pili nilimzaa Mombasa mwaka wa 1999. Kwa Katiba ya zamani huyu mdogo alikuwa Mkenya tangu kilio chake cha kwanza. Kakake alikuwa mgeni, kwani aliyezaliwa nje alirithi uraia kwa baba tu. Basi akasoma hapa kwetu kwa pasi ya mwanafunzi, ikiisha tunaomba nyingine. Hata mume wangu hakuwa na njia ya kupata uraia kupitia ndoa yetu: mwanamume Mkenya aliweza kumwombea mkewe mgeni uraia kwa ndoa, mwanamke hakuweza kumwombea mumewe.

Katiba mpya ilipoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010, jirani yangu mwalimu alinisomea Kifungu cha 14. Mama au baba akiwa Mkenya, nawe ni Mkenya, umezaliwa ndani au nje, hata kama ulizaliwa kabla ya siku hiyo. Hapo pa "kabla" nilimwambia arudie. Kifungu cha 15 kilimfungulia mume wangu pia, maana ndoa yetu ilishapita miaka saba inayotakiwa. Alikataa. Kenya sasa yaruhusu uraia wa nchi mbili, Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima, na yeye hakuwa tayari kuuacha wa kwao. Sikumlaumu.

Mwanangu wa kwanza alipotimiza miaka 18 tukaenda kuomba kitambulisho. Nilibeba changu na cha marehemu babangu. Karani akavisukuma kando: "Mama, sisi twaangalia upande wa baba. Cha babu mzaa baba kiko wapi?" Katiba ilikuwa na miaka minne wakati huo! Tulikwenda na kurudi mara tano, na kitambulisho kilitoka mwaka wa 2017.

Nilikuwa nimeshasahau. Lakini wiki jana binti wa jirani, ambaye pia mamake ndiye Mkenya, ameulizwa swali lile lile, dirisha lile lile.

Pale dirishani pamebandikwa karatasi ya mahitaji. Naomba wakubwa wabandike kando yake Kifungu cha 14 kwa Kiswahili, herufi kubwa, ili kijana aweze kukionyesha kwa kidole. Wenzetu Wamakonde wa hapa Kwale, jamii iliyokaa miaka bila uraia, ilibidi waandamane hadi Nairobi mwaka wa 2016 ndipo wakatambuliwa kuwa Wakenya. Mimi kwa magoti haya sifiki hata Mariakani.

Mama wa wawili,
Lungalunga, Kwale