Msiwalaumu wazazi kwa taarifa isiyowafikia

Mhariri,

Ile habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu wazazi wa shule za msingi kutohudhuria mikutano imenitoa kwenye ukimya wa miaka mingi. Mwandishi alimhoji ofisa, akamhoji mwalimu mkuu, akahesabu viti vitupu, akahitimisha kwamba wazazi wa siku hizi hawajali. Hakumuuliza mzazi hata mmoja taarifa ya mkutano ilimfikiaje, siku ngapi kabla, na ilisemaje. Angeuliza hayo matatu, angeandika habari nyingine kabisa.

Taarifa za shule zetu husafiri hivi. Alhamisi mchana, watoto wakiwa mstarini wanasubiri kuruhusiwa, mwalimu wa zamu anapaza sauti: waambieni wazazi kesho saa 3 kuna kikao. Mtoto wa darasa la pili anaubeba ujumbe huo kilomita mbili, anapitia kisimani, anacheza, anakula, analala. Akija kuukumbuka ni asubuhi, mama ameshaondoka kwenda mwaloni kwa wavuvi kununua dagaa. Ikitokea shule imeandika, basi ni kipande cha karatasi kilichochanwa katikati ya daftari, kina muhuri na maneno matano: "Mzazi fika shuleni bila kukosa." Hakuna sababu, hakuna tarehe, hakuna saa. Mzazi akisoma hivyo anawaza mambo mawili tu: mtoto kafanya kosa, au kuna mchango. Asiye na hela haendi, kwa sababu hataki kuaibishwa mbele ya watu kwa deni ambalo hata hajui ni la nini. Kiti chake kinabaki kitupu, mwandishi wenu anakihesabu.

Naomba nieleze siku moja tu ya dawa, maana hiyo ndiyo inayoniumiza kuliko zote. Huku Kanda ya Ziwa kichocho ni ugonjwa tunaoishi nao. Watoto wanaoga ziwani na kuchota maji humo humo. Dawa zinazoletwa shuleni ni mbili. Albendazole ya minyoo haina shida, ni kidonge kimoja cha miligramu 400, mtoto anatafuna. Praziquantel ya kichocho ndiyo inayotaka uangalifu. Ni vidonge vikubwa, vichungu, vya miligramu 600, na idadi yake hupimwa kwa fimbo ya urefu: mtoto wa sentimita 94 hadi 110 anapewa kimoja, akivuka hapo hadi 125 kimoja na nusu, hadi 138 viwili, na kuendelea. Dawa hii inatakiwa imkute mtoto amekula. Ikimkuta na njaa anapata kizunguzungu, tumbo linamnyonga, anatapika, na mwenye vimelea wengi ndiye anayetaabika zaidi kwa sababu wanakufa kwa wingi mwilini mwake kwa wakati mmoja. Kila mhudumu wa afya analijua hili. Kila mwalimu aliyekaa kwenye semina ya dawa hizi ameambiwa. Sasa katika shule moja ya kata yetu tangazo lilibandikwa lenye sentensi mbili: "Kutakuwa na zoezi la ugawaji wa kingatiba. Wazazi mnaombwa kutoa ushirikiano." Basi. Neno "kula" halimo. Neno "dawa" halimo. Watoto wakaja kama wanavyokuja siku zote, tumbo tupu, wengine na chai ya rangi tu. Saa 4 wakameza. Saa 5 walikuwa wamelala chini ya mwembe wakitapika, mwingine amejikunja amekumbatia kikombe chake cha plastiki, hataki kukiachia hata alipopewa maji. Wenzao wakakimbilia kijijini wakilia kwamba watoto wamelishwa sumu. Wazazi hawa mnaosema hawajali walifika ndani ya nusu saa, wengine wangali na jembe mkononi. Jioni watoto wote walikuwa wazima. Lakini mwaka uliofuata, siku ya dawa, madarasa yalikuwa nusu tupu, na lawama ikaenda kwa wazazi. Wala hili si geni katika nchi hii. Mwaka 2008 mkoani Morogoro dawa hizi hizi zilizua taharuki mpaka wazazi wakavamia shule, na miongoni mwa mambo yaliyoonekana baadaye ni kwamba watoto walimezeshwa bila kula na familia hazikuelezwa vya kutosha. Tumekuwa na muda wote huo wa kujifunza, na bado tunaandika "kingatiba" badala ya "dawa" kwenye karatasi anayotakiwa kuisoma bibi anayelea wajukuu!

Tangazo lililohitajika lilikuwa hili: "Jumanne saa 4 asubuhi watoto watapewa dawa ya minyoo na dawa ya kichocho. Hakuna malipo. Mlishe mtoto ugali, viazi au kiporo kabla hajatoka nyumbani. Anaweza kusikia kizunguzungu au kichefuchefu, hali hiyo kwa kawaida huisha siku hiyo hiyo. Kama mtoto anaumwa, mwambie mwalimu kabla hajameza." Lifike kwa mzazi siku tano kabla, halafu likumbushwe siku moja kabla.

Shule nayo ijue kwamba wapo watakaokuja hawajala, hata tangazo liwe zuri namna gani, kwa sababu nyumbani hakuna. Kwa watoto 600, robo lita ya uji kwa kila mmoja ni lita 150, na unga ukipimwa gramu 40 kwa mtoto ni kilo 24. Maji ya kumezea ni lita 120, yaani madumu sita ya lita 20, na yawe yamechemshwa jana yake. Moto uwashwe saa 12 asubuhi ili saa 3 kila mtoto awe ameshakunywa uji. Kinachokwamisha siku hiyo mara nyingi ni vikombe: shule ina ishirini, foleni inakwenda polepole, dawa zinaanza kugawiwa wakati nusu ya watoto hawajapata uji. Kila mtoto aje na kikombe chake, na hilo nalo liandikwe kwenye tangazo.

Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi iko vivyo hivyo. Mwaka 2018 ilianza kutolewa kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikapelekwa kwa wa miaka 9 hadi 14, dozi moja tu. Maana yake sasa inawahusu watoto wa darasa la tatu na la nne. Baba aliyezoea kusikia kwamba ni ya wasichana wakubwa, ghafla anasikia binti yake wa miaka 9 amechomwa sindano inayohusu kizazi. Unategemea asiulize? Sentensi moja kwamba chanjo inakinga saratani na haizuii kuzaa ingemtuliza, na ingeandikwa kabla ya sindano.

Nikiwa hapo hapo, niseme na la TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, maana linapita mlango ule ule. Kaya zilizo kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini zina sharti la mtoto kuhudhuria asilimia 80 ya siku za masomo. Mwezi wenye siku 20 za masomo, mtoto akikosa siku 4 yuko salama, akikosa ya tano sharti limevunjika na ruzuku ya kaya inaweza kukatwa. Anayejaza mahudhurio ni mwalimu, kwa kutazama rejista. Lakini ni shule ngapi zinamwambia mzazi hesabu hiyo mwanzoni mwa muhula? Mtoto anashikwa na malaria wiki nzima, mama hajui kwamba anatakiwa kutuma cheti cha zahanati kimfikie mwalimu wa darasa, siku ya malipo anakuta pungufu na hakuna wa kumweleza. Tena kuna watoto ambao jina la rejista si lile lililo kwenye orodha ya TASAF. Shuleni anaitwa kwa jina la babu, kwenye orodha kwa jina la baba, na mahudhurio yake hayaonekani ingawa hajakosa hata siku moja. Hilo hurekebishwa mapema kwa mzazi kuja na cheti cha kuzaliwa, mwalimu akalinganisha herufi kwa herufi. Mzazi lazima kwanza aambiwe aje, na aambiwe kwa nini.

Kuhusu michango ya chakula nako mnasema wazazi ni wabishi. Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016 uligawa majukumu: sare, madaftari, kalamu, matibabu na chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni vya mzazi. Wazazi wengi walichosikia redioni ni "elimu bila malipo" tu, hawakusomewa kilichobaki. Sasa kamati inaitisha mahindi bila hesabu, kila mtu anadhani anaibiwa. Hesabu ni nyepesi, iandikwe. Mwaka wa masomo una siku 194. Makande ya gramu 120 za mahindi na gramu 30 za maharage kwa siku ni kilo 23 na ushee za mahindi, na karibu kilo 6 za maharage kwa mtoto kwa mwaka. Mahindi hayo ni zaidi kidogo ya debe moja. Mzazi akiiona hesabu hiyo, akaambiwa alete nusu baada ya mavuno na nusu baadaye, anaelewa. Na pembeni yake ibandikwe fedha ya serikali: ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 4,000 ya vitabu na 6,000 inayokwenda shuleni, ambayo kwa shule ya watoto 600 ni shilingi 300,000 kwa mwezi. Imeingia lini, imenunua nini. Mzazi anayeona ya serikali hakatai kutoa debe lake.

Ninachopendekeza hakihitaji mradi wala mfadhili. Ubao wa matangazo uliomo kwenye korido ya ofisi, nyuma ya kioo chenye kufuli, utolewe humo. Ujengwe mwingine nje ya geti, futi 4 kwa 3, bao la plaiwudi juu ya nguzo mbili, na bati lililojitokeza futi moja na nusu kwa mbele, kwa sababu mvua zetu huja na upepo na bati fupi halisaidii. Uelekee kusini au kaskazini ili jua la asubuhi na la jioni lisifute wino. Maandishi yawe ya kalamu ya maka, makubwa ya kusomeka na mtu aliye juu ya baiskeli. Kila Ijumaa mwalimu wa zamu aondoe yaliyopitwa, kwani ubao wenye tangazo la mwaka jana hakuna anayeusoma tena. Nakala moja ibandikwe kwenye mashine ya kusaga, nyingine apewe mwenyekiti wa kitongoji. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu kwa mujibu wa sheria, shule iombe dakika kumi za ajenda humo. Makundi ya WhatsApp yaendelee, lakini mama mwenye simu ya kitochi hayumo, na huyo ndiye mwenye watoto wanne shuleni. Na vikao visiitwe siku ya mnada, wala saa 3 asubuhi wakati wa palizi. Saa 10 jioni watu wapo.

Mwandishi wenu akija tena huku, namwomba aanzie getini kabla hajaingia kuhesabu viti. Asome kilichobandikwa, kimebandikwa tarehe ngapi, na kama mzazi anaweza kukisoma bila kuomba ufunguo.

Mwalimu mstaafu,
Mwanza