YAH: PEDI ILIYOSHONWA KOMBO NA MAELEKEZO YASIYO SAHIHI KWENYE KAPTURA ZENU ZA BAISKELI

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,

Tunarejelea jibu lenu kwa malalamiko yetu ya kwanza kuhusu kaptura nne za baiskeli zenye pedi, mbili za kiume na mbili za kike, zote za toleo moja. Mlitujibu kwamba kaptura mpya lazima ichubue kidogo, kwamba pedi italainika yenyewe, na kwamba kwa sasa wavaaji wavae chupi ya pamba ndani yake. Ushauri huo wa mwisho ndio uliotufanya tuandike tena, kwa sababu unaonyesha kuwa tatizo haliko kwenye cherehani peke yake.

Kaptura ya aina hii huvaliwa moja kwa moja juu ya ngozi. Pedi ina kazi mbili: kupunguza mgandamizo chini ya mifupa miwili ya makalio inayobeba uzito, na kuondoa jasho kwenye ngozi. Pamba hunyonya jasho ikabaki nalo. Ngozi iliyolowa hulainika, na mtu anayezungusha pedali mara 90 kwa dakika hukunja kila paja mara 5,400 kwa saa, mshono wa chupi ukisugua palepale kwenye mkunjo. Mashina ya vinyweleo huvimba, vipele hutoka, vikipuuzwa vinakuwa majipu. Tungedhani ni mhudumu mmoja aliyejibu kwa haraka, lakini kikaratasi kilichomo ndani ya pakiti kinasema hivyohivyo, tena kwa herufi nzito: "Vaa juu ya nguo ya ndani."

Sasa pedi yenyewe. Tulifumua kaptura moja ya kiume ili tusiseme kwa kukisia. Ukiikunja kwa urefu, mshono wa nyuma ukiwa ndio kati, upande wa kulia wa pedi unauzidi wa kushoto kwa milimita 11. Maana yake mfupa mmoja unakalia sponji na mwingine unaangukia ukingoni. Mvaaji hujisogeza kutafuta nafuu bila kujua, anakaa upande, kisha akichubuka paja moja tu anaanza kulaumu kiti. Kiti kilichoinuliwa mno huchubua pia, hilo hatulikatai, ila dalili yake ni nyingine: nyonga hucheza kushoto na kulia kila pedali inapofika chini. Tulilikagua hilo kabla ya kuwaandikia. Kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unanyooka na nyonga inatulia.

Sponji yenu ina unene wa milimita 18 kila mahali, na kwenye pakiti mmeusifia unene huo. Unene peke yake hausaidii kitu. Ibonyezeni kati ya kidole gumba na cha shahada: vidole vinakaribia kugusana. Sponji nyepesi namna hiyo hudidimia chini ya mifupa, na ile iliyobaki katikati bila kubanwa husukuma msamba, mahali penye neva na mishipa ya damu. Ndiyo maana mvaaji analalamikia ganzi zaidi kuliko maumivu ya makalio. Pedi iliyotengenezwa vizuri huwa na sponji iliyoshikamana zaidi chini ya mifupa, nyembamba mbele, na unene wake hupungua polepole hadi kuisha ukingoni. Ya kwenu imekatwa wima kama godoro, na ukingo huo unaishia hasa kwenye mkunjo wa paja.

Chini ya pedi, pale vipande vinne vya kitambaa vinapokutana, mmepitisha ovaloki ya kawaida, yaani mshono wa kuzungushia ukingo wa kitambaa, na kifundo chake kimebaki upande wa ndani. Hapo panatakiwa mshono bapa, au kitambaa kikatwe upya ili mishono isikutane hapo kabisa. Uzi uliozungushiwa pedi ni wa nailoni ngumu na ncha zake hazikufichwa. Pitisheni mgongo wa kiganja juu yake, mtaelewa.

Kaptura za kike zina pedi ileile ya kiume. Kilichobadilika ni rangi ya uzi. Kwa kawaida mifupa ya kukalia ya mwanamke imeachana zaidi, hivyo pedi yake huwa pana nyuma na fupi mbele. Hii yenu inakunjamana mbele, na kila mkunjo ni mahali pa kusugua.

Jedwali la saizi linauliza kiuno tu. Ongezeni kipimo cha nyonga na cha paja, kwa sababu kaptura ikilegea pedi inatembea, na pedi inayotembea huchubua kuliko kaptura isiyo na pedi. Mwelezeni mnunuzi pia aijaribu akiwa ameinama kama aliyeshika usukani. Kaptura iliyokatwa vyema hubana mtu akisimama wima; asiyejua hilo atairudisha achukue kubwa zaidi, na hapo ndipo shida yake itaanza.

Lebo ya kufulia inaruhusu dawa ya kulainisha nguo na pasi ya moto wa wastani. Dawa hiyo huacha utando kwenye nyuzi, jasho halipiti vizuri tena, na moto huua mvutiko wa kitambaa. Maelekezo yaseme: fua kila baada ya kuvaa, ikiwa imegeuzwa ndani nje, kwa sabuni laini na maji yasiyozidi nyuzijoto 30. Suuza hadi povu liishe kwenye sponji, maana sabuni iliyobaki huwasha ikikutana na jasho. Ikamue kwa kuibana ndani ya taulo bila kuisokota, kisha uianike kivulini, pedi ikiwa upande wa nje. Na yale mafuta mazito ya mgando mliyoyaweka kama zawadi, yaondoeni. Hupunguza msuguano kweli, lakini huziba pedi na hayatoki kwa maji ya baridi. Krimu inayosuuzika kwa maji, ikipakwa kidogo kwenye mkunjo wa paja, inatosha.

Tunaomba mturudishie fedha za kaptura zote nne. Simamisheni mauzo ya toleo hili hadi mtakapopima mkao wa pedi kwenye mzigo uliobaki. Kazi yenyewe ni ya kukunja kaptura na kushika rula. Kikaratasi na lebo virekebishwe, na waliokwisha kununua waandikiwe kwamba nguo ya ndani haivaliwi, kabla hawajachubuka zaidi kwa kufuata maneno yenu.

Tumeambatisha risiti, picha za pedi iliyofumuliwa ikiwa pembeni ya rula, na picha ya kikaratasi. Kaptura moja ya kike haijavaliwa na bado ina lebo yake. Mkitaka kuipima wenyewe tutaituma, kwa gharama yenu. Tunategemea jibu la maandishi ndani ya siku 14, kutoka kwa mtu wa kiwandani anayejua pedi inavyoshonwa.

Wenu,
Wanunuzi wa kaptura zilizotajwa hapo juu