Mwenye gari, mwache fundi asigonge

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye magari, hasa wale wanaosimama nyuma ya fundi anapotoa spesa ya gurudumu iliyoganda wakimhimiza, "Gonga tu, itatoka." Gari ni lako, sikatai. Ila beringi ikianza kuvuma utarudi kwangu mimi kulalamika.

Nazungumzia spesa, yale mabamba ya aluminiamu yanayokaa kati ya habu, yaani kitovu ambapo gurudumu hufungwa, na rimu ili gurudumu litokeze nje. Siku ya kufungwa huingia vizuri tu. Ikishapigwa na mvua za misimu kadhaa, haitoki. Mara nyingi kinachoishika ni lile tundu la katikati, pale linapovaa ukingo wa habu. Aluminiamu na chuma vikigusana penye maji, na hasa maji ya chumvi, aluminiamu huliwa na kutoa unga mweupe. Unga huo huchukua nafasi kubwa kuliko madini yaliyoliwa, kwa hiyo hujaa kwenye ule upenyo mwembamba na kuibana spesa mzunguko mzima. Ukiigonga usoni unaishindilia ndani zaidi, na pigo lenyewe linapita kwenye habu hadi kwenye beringi, gololi zikaacha vishimo kwenye njia yake. Huo mvumo unaousikia ukikimbiza gari chanzo chake ndicho hicho. Kuchokonoa kwa bisibisi huku umeegemea diski ya breki ni hasara nyingine: diski ikipinda hata kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, pedali inatetemeka kila ukikanyaga.

Kwanza kabisa, nati zote zimetoka? Usicheke. Spesa yenye stadi zake, yaani bolti zilizochomoza za kufungia gurudumu, hufungwa kwenye habu kwa nati zilizozama ndani ya mashimo. Mashimo yakijaa tope na kutu, nati moja inasahaulika, watu wanahangaika na kitu ambacho bado kimefungwa.

Kama zimetoka, mimi hupulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye ule mzunguko wa katikati, diski nikiwa nimeifunika kitambaa, kisha naliacha gari lilale. Hapo ndipo wateja wanaponuna. Asubuhi natazama kama spesa ina vitundu viwili vyenye nyuzi, kimoja huku na kingine upande wa pili. Vikiwepo, kazi imekwisha: naingiza bolti mbili na kuzikaza kwa zamu, nusu mzunguko hapa, nusu mzunguko pale. Bolti zinasukuma habu, spesa inajivuta yenyewe kuja nje.

Visipokuwepo, na spesa ina stadi zake, narudisha gurudumu juu ya spesa, nakaza nati kwa mkono, kisha nalitikisa juu na chini, kushoto na kulia. Tairi lina mkono mrefu kuliko mtaimbo wowote utakaopata nafasi pale ndani. Gari liwe juu ya stendi, si jeki peke yake; kulitikisa gari lililo juu ya jeki tupu ni kutafuta kifo.

Ikigoma bado, joto. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo hewa ya moto ikielekezwa kwenye spesa tu huachia. Futa yale mafuta kwanza, yanashika moto. Sitaki kuona mtungi wa gesi hapo: moto wa wazi huyeyusha grisi ya beringi, huunguza sili na waya wa kihisi cha breki, na aluminiamu yenyewe hupoteza nguvu. Grainda ndiyo ya mwisho kabisa. Nakata mfereji kati ya stadi mbili bila kufika kwenye habu, nasukumia patasi, spesa inapasuka. Hiyo hairudishwi kwenye gari, hata mwenyewe akilia.

Kabla ya kufunga nyingine, piga brashi ya waya mpaka ukingo wa habu ung'ae, upake grisi ya kuzuia kugandana, nyembamba sana, kwenye ukingo huo tu. Stadi ziache kavu. Kaza kwa kipimo cha mtengenezaji wa gari, kisha ukague nati tena baada ya kilomita 100 hivi. Na dukani, ukionyeshwa spesa mbili za unene mmoja, chukua yenye vile vitundu viwili vya bolti.

Fundi magari,
msomaji wenu